Magodoro ya Mgeni

Lori la magodoro lilipinduka siku ya Jumatano asubuhi, kwenye kona kali chini ya Tukuyu, katika barabara iendayo mpakani Kasumulu. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri na ukungu ulikuwa mzito, hata dereva, kama alivyoeleza baadaye, aliiona ile kona akiwa tayari yumo ndani yake. Tela lilivutwa na uzito wake, likalala ubavu mtaroni. Turubai likachanika, na magodoro mapya yaliyofungwa kwa nailoni yakamwagika hadi kwenye mashamba ya chai ya watu.

Habari ilienea haraka kuliko moshi. Watu walitoka kwenye migomba, wengine wakaacha vikapu vya chai vimesimama katikati ya mistari, wengine wakaja na taulo mabegani kama waliokuwa wakioga. Kwanza walisimama wakishika vichwa na kusema pole. Kisha mtu mmoja akaokota godoro, akatazama kulia na kushoto, akaondoka nalo. Baada ya hapo hakuna aliyesimama tena.

Godoro si kitu cha kuiba kwa siri. Halifichiki chini ya kanga. Ukilibeba kichwani linakufunika macho, na upepo ukilipiga linakugeuzia njia. Atupakisye, aliyekuwa amesimama kwenye ukingo juu ya barabara, aliona magodoro yenye miguu yakipanda kilima, yakigongana, yakiombana radhi, yakipotelea migombani. Angecheka, kama asingekuwa na hasira. Alitoa simu akaanza kurekodi.

Alikuwa amemaliza chuo Mbeya mwaka uliotangulia, na wakati akisubiri ajira alikuwa amejipatia wafuasi mtandaoni kwa kuongea bila kupindisha maneno. Aliipenda nchi yake kwa sauti kubwa. Timu ya taifa ikicheza alivaa jezi kuanzia asubuhi. Mtu akiisema vibaya Tanzania kwenye mtandao, Atupakisye alimjibu hadi chaji iishe. Sasa akawa anapita na kamera uso kwa uso, akisema kwa sauti: "Haya, tazameni wenyewe. Hawa ndio Watanzania wenzetu. Gari la mgeni, limepata ajali, na dereva hata hawajamtoa."

Ilikuwa kweli. Dereva alikuwa bado yumo ndani. Katika pilikapilika zile kila mtu alidhani mwenzake amekwisha kumtazama.

Aliyemkumbuka ni baba yake Atupakisye, Mzee Ambwene. Alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, mtu mrefu, mkimya, aliyewavulia kofia hata walevi waliotoka kilabuni wakiyumba. Upole huo ulimkera binti yake. Aliwahi kumwambia mama yake, Elina, kwamba baba angekuwa mkali kidogo kitongoji kingenyooka. Elina alimjibu kwamba baba yake hajawahi kushindwa uchaguzi, kisha akaendelea kumenya ndizi.

Mzee Ambwene alishuka kutoka shambani na koti lake la mvua, akawapita waliobeba magodoro kana kwamba wamebeba maji kutoka mtoni. Hakumkemea mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kichwa cha lori, akachungulia, kisha akageuka. Mtu wa karibu alikuwa Nsajigwa, kijana wa bodaboda, aliyekuwa akifunga godoro kwenye pikipiki yake kwa mpira.

"Nsajigwa, mwanangu," alisema, "mimi nguvu zimepungua. Njoo unisaidie kumtoa huyu ndugu, mkono wake umebanwa."

Nsajigwa alitazama godoro, akamtazama mzee. Akaliachia lianguke kwenye matope. Wawili hao, na wengine waliovutwa na aibu ya kutazama, walivunja kioo na kumtoa dereva. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi kidogo. Damu ilimtoka kwenye paji la uso, na mkono wake wa kushoto ulining'inia vibaya. Alisema neno moja tu kwa Kiswahili chake cha barabarani: "Mzigo?"

"Kwanza wewe," Mzee Ambwene alimjibu. "Mzigo una watu hapa, utatunzwa."

Atupakisye alisikia maneno hayo akiwa bado anarekodi, akaguna. Baba yake alimpeleka dereva hospitalini Tukuyu kwa gari la msamaria aliyekuwa akipita. Waliporudi alasiri, tela lilikuwa tupu kama pakacha.

Dereva aliitwa Chikondi, mtu wa Lilongwe. Mkono ulikuwa umefungwa bandeji ngumu na kuning'inizwa shingoni, na alikataa katakata kulala mjini. Alitaka kulala karibu na lori lake. Alipoliona tela, alikaa kwenye jiwe kando ya barabara akainamisha kichwa. Hakulia wala kutukana, na ukimya wake ndio uliowafanya waliokuwa wakipita njia waharakishe hatua.

Askari wa usalama barabarani alikuwa amefika na kupima ajali. Alimvuta Mzee Ambwene pembeni.

"Mwenyekiti, unawajua watu wako. Nipe majina, kesho tunapita nyumba kwa nyumba na gari."

"Afande, ni haki yako kuyataka," alisema Mzee Ambwene. "Ila nakuomba uniachie kesho moja. Mzigo usipoonekana hadi jioni, nitakuja kituoni mwenyewe, na jina la kwanza utakaloandika ni la kwangu, maana nilimwahidi mgeni."

Askari alimfahamu. "Kesho moja," akasema.

Chikondi alikaribishwa nyumbani kwa Mzee Ambwene. Elina alimpikia ndizi za nazi na maharage, akamkatia parachichi, akamweka karibu na moto kwa sababu baridi ya Rungwe ilimtetemesha. Atupakisye alisubiri mgeni ashibe, kisha akamwita baba yake barazani na kumwonyesha simu.

"Ushahidi wote uko hapa, baba. Nyuso zote. Kuna ukurasa mkubwa wa habari Mbeya wananiomba tangu saa saba. Nikiirusha hii, wataona aibu, watarudisha."

Mzee Ambwene alivaa miwani. Aliitazama picha ile tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akaomba irudiwe. Mara ya pili alianza kunong'ona, na Atupakisye alidhani anahesabu wezi. Aliposogea karibu alisikia.

"Huyu ndiye aliyekaa na bibi yako siku zile za mwisho, sisi tulipokuwa Masoko kwenye mazishi... Huyu mtoto wake wa tatu hajaanza kutembea, wanalala chini... Huyu alichangia nyasi za kuezekea darasa letu la kwanza kabla hatujapata bati... Huyu..." Kwenye kioo cha simu alikuwa anapita mwanamke mzee aliyejifunga kitenge cha njano, godoro kichwani. Alikuwa dada yake mkubwa, Esnath.

Atupakisye naye alikuwa hajamtambua shangazi yake.

"Wanaiaibisha nchi, baba," alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Wameiaibisha, ndiyo. Na mimi imeniuma kuliko unavyofikiri." Alimrudishia simu. "Lakini ukisema nchi, Atu, unamsema nani? Mimi nikiitazama hiyo picha naona nchi yangu nzima imo humo inabeba magodoro. Sina nyingine ya kwenda kuichukua. Nikiwatangaza kuwa wezi leo, kesho watakuwa wezi kweli, watayachoma moto hayo magodoro kuliko kuonekana wakiyarudisha. Simu ni yako. Wewe ni mtu mzima, sikuamrishi. Nakuomba tu kesho asubuhi twende wote."

Asubuhi ilipofika Atupakisye alikuwa hajairusha, na hakujua kwa nini. Alivaa koti la mvua, akamfuata baba yake.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya fundi seremala mmoja. Alipomwona mwenyekiti, fundi alisimama mlangoni akiwa ametanua mikono kwenye miimo, kama anayezuia ng'ombe wasitoke. Mzee Ambwene alivua kofia.

"Ugonile, ndugu yangu. Habari za kuamka? Nimekuja kukushukuru."

"Kunishukuru?"

"Jana mvua ilikuwa kali mno. Nimesikia ulimwokolea mgeni godoro lake, ukaliingiza ndani lisilowe. Ndaga fijo, asante sana. Mgeni yuko kwangu, amevunjika mkono, nimemwambia mzigo wake umehifadhiwa na watu wema. Tunayakusanya kwenye banda la kupimia chai, lina bati zuri. Ukipata nafasi."

Mikono ya fundi ikashuka kutoka kwenye miimo. Macho yake yalikwenda kwa Atupakisye, kwa simu iliyokuwa mkononi mwake, yakarudi kwa mzee aliyesimama kwenye manyunyu kofia mkononi akisubiri jibu kama mtu aliyekuja kuposa.

"Nilikuwa... nilikuwa nalileta, mwenyekiti," alisema fundi. "Nilikuwa namalizia chai tu."

"Maliza chai, ndugu yangu. Hakuna haraka."

Walipokuwa njiani kwenda nyumba ya pili Atupakisye hakuweza kujizuia. "Baba, wewe ni mzee wa kanisa. Umedanganya."

Mzee Ambwene alicheka kidogo, kisha akalifikiria swali lile kwa dhati, maana hakuwa mtu wa kudharau swali la mtoto. "Labda. Mimi naona nimemtangulia tu. Nimesimama pale ambapo yeye mwenyewe angependa kusimama, nikamwita. Ni mtu mzima yule, Atu, ana watoto. Hawezi kurudi kwa kutambaa mbele yao. Lazima apate njia ya kurudi akiwa amesimama."

Wakaendelea hivyo nyumba hadi nyumba, kilima hadi kilima. Wengine walicheka kwa kuona haya. Mwanamke mmoja alilia. Bwana mmoja alidai hajui lolote wakati godoro limechungulia nyuma yake mlangoni, na Mzee Ambwene akamwambia, "Sawa, basi ukimwona aliyeliweka hapo mshukuru kwa niaba yangu," akaaga kwa heshima zote. Kabla hawajafika nyumba iliyofuata, bwana yule aliwapita njiani akikimbia na godoro, bila kugeuka.

Kitu kilianza kugeuka moyoni mwa Atupakisye. Alikuwa akitembea nyuma ya mgongo ule mrefu, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba upole wa baba yake una kazi nzito ndani yake. Katika kila mlango alikuwa anakumbuka jina la mtoto aliyeugua, shamba lililomomonyoka, mume aliye mbali. Hakuwa anabahatisha. Kwa miaka mingi alikuwa akiwasalimu watu hawa na kusikiliza majibu yao. Yeye Atupakisye, aliyejua majina ya wachezaji wote wa timu ya taifa, hakujua hata majina ya nusu ya watu waliokuwa wakiwafungulia milango.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya shangazi Esnath.

Bibi yule alikuwa ameketi kizingitini, kitenge kile kile cha njano kiunoni. Mzee Ambwene hakusimama mbele yake. Alichuchumaa chini, kama mdogo mbele ya mkubwa, mvi zake zikiwa sawa na magoti ya dada yake. Atupakisye naye akapiga magoti akamwamkia. Shangazi aliitikia bila kumtazama.

"Umekuja kunishukuru na mimi?" aliuliza Esnath. "Nimesikia. Kitongoji kizima unakishukuru leo."

"Hapana, dada. Yale niliyowaambia wengine siwezi kukuambia wewe. Wewe ndiye uliyenifundisha kusema kweli. Nimekuja kukuomba."

"Gwe mundu, wewe mtu, niombe basi mgongo wangu! Nalala kwenye majani ya migomba na gunia tangu mume wangu afariki. Lori limelala mlangoni kwangu, Mungu mwenyewe amelilaza. Tajiri wa Malawi atajua amepungukiwa godoro moja? Sitoi."

"Dereva atajua."

"Sitoi, Ambwene. Kaniletee polisi."

"Siwezi kukuletea polisi, wala siwezi kuingia ndani mwako bila ruhusa." Aliinuka taratibu, magoti yakilia. "Nisamehe, dada. Habari za mgongo wako sikuuliza. Nimepita milango yote nikiuliza habari za watu, na mlango wako nilikuwa naupita kwa sababu ni wako, nikidhani najua."

Wakaondoka mikono mitupu. Atupakisye alikuwa anachemka. "Wewe ni mwenyekiti! Wenzake wote wamerudisha. Watasema umempendelea."

"Watasema, na watakuwa na haki," alijibu baba yake, akaongoza njia ya nyumbani.

Alipofika aliingia chumbani. Atupakisye alisikia wazazi wake wakiongea kwa Kinyakyusa, sauti ya chini, kisha mama yake akicheka kicheko cha mtu aliyekwisha kuzoea. Mlango ukafunguka, na Mzee Ambwene akatoka akiwa amebeba godoro la kitandani kwake, lile nene ambalo kaka yake Atupakisye, Hosea, aliwanunulia alipopata kazi kiwandani. Elina alishika upande wa nyuma.

"Mama! Nyie mtalala wapi?"

"Tulianza maisha kwenye mkeka," alisema Elina, "na wewe ulipatikana. Shika hapa, mgongo wa baba yako nao si wa kuchezea."

Walilipeleka bila hotuba. Mzee Ambwene alimwambia dada yake, "Hili ni lako. Sijaja kubadilishana, la mgeni sitakuuliza tena," na kabla Esnath hajajibu alikuwa ameshafika njiani. Atupakisye alibaki nyuma akililaza vizuri kwenye kitanda cha shangazi, juu ya yale majani ya migomba yaliyokuwa yamekauka na kuwa kama nyavu kuukuu. Godoro la mgeni lilikuwa limesimama ukutani, nailoni yake haijafunguliwa. Hakuligusa. Aliinamisha kichwa tu akatoka, na njiani, bila kuambiwa na mtu, alifuta ile picha kwenye simu.

Jioni askari alifika kwenye banda la kupimia chai. Magodoro yalikuwa yamepangwa hadi karibu na paa, na watu wamejaa nje kama siku ya mnada. Nsajigwa alikuwa juu kabisa akipokea na kupanga. Tangu mchana alikuwa anapita na bodaboda yake kuwachukulia wazee waliokaa mbali. Chikondi alizunguka lile lundo, akiligusa kwa mkono wake mzima, akizunguka tena.

Mzee Ambwene alimwambia mbele ya wote, "Ndugu yetu, sijui kama ni yote. Mengine yameingia matope. Na kuna moja ninalolijua mimi halijafika. Hilo nidai mimi. Kwa yaliyopungua, na kwa kukuacha ndani ya gari asubuhi ile, naomba radhi kwa niaba ya kitongoji hiki na ya Tanzania."

Neno hilo, kwamba walimwacha mtu ndani ya gari, hakuna aliyekuwa amelisema hadharani, na sasa lilikuwa limesemwa na mtu ambaye hakumwacha. Fundi seremala alitazama viatu vyake. Atupakisye aliona watu wanavyoipokea radhi ile kama mzigo wanaosaidiana kubeba, na hakuna aliyekimbia.

Ndipo umati ukapasuka nyuma. Shangazi Esnath alikuwa anakuja barabarani, katikati kabisa ya lami, godoro kichwani na mkono mmoja kiunoni, akitembea polepole kwa sababu ya mgongo wake. Atupakisye alikimbia kumpokea, lakini shangazi akamkatalia. Alilibeba mwenyewe hadi miguuni pa Chikondi, akalitua.

"La kwako hilo," alimwambia. Kisha akamgeukia mdogo wake, sauti ya juu ili wote wasikie. "Na wewe Ambwene, lile la kwako silirudishi!"

Banda zima lilicheka, na Mzee Ambwene alicheka kuliko wote, hadi akaegemea nguzo. Hata askari aligeuka pembeni akikohoa.

Chikondi alingoja kicheko kiishe. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, cha vituo vya mizani na vibanda vya chipsi, lakini alisimama wima kama anayeapishwa. "Mimi miaka mingi barabara. Nimeanguka nchi nyingine, sisemi wapi. Nililala porini na tela tupu. Hapa..." Alitafuta neno, akalikosa, akaweka kiganja kifuani. "Nitasema kwetu. Nitasema Tanzania."

Lori jingine lilikuja kesho yake kuchukua mzigo. Watu walijipanga mstari kutoka bandani hadi barabarani, wakipokezana magodoro mkono kwa mkono. Atupakisye alisimama kati ya fundi na yule bwana aliyekuwa hajui lolote. Aliwauliza majina ya watoto wao. Mwanzoni walimjibu kwa mkato, kisha wakawa wanaongea, na kabla lori halijajaa alikuwa amejua nani anasoma shule Suma, nani ana mke aliyelazwa, na nani alipanda miparachichi ikakauka.

Lori lilipoondoka yeye na baba yake walipanda kilima pamoja kuelekea shambani, mzee akiwa na jembe begani. Mvua ilikuwa imekatika, na mlima Rungwe ulikuwa umeachia kilele chake kidogo.

"Baba," aliuliza, "ulijuaje kwamba watarudisha?"

"Sikujua." Mzee Ambwene alisimama kupumzika. "Usiku ule sikupata usingizi kabisa. Nilikuwa naogopa. Nilishaweka na nguo za kwenda nazo kituoni."

Atupakisye alimtazama baba yake kama mtu anayekutana naye mara ya kwanza. Alitaka kumwambia neno kubwa, la kumfaa, akaona maneno yote aliyozoea kuyasema mtandaoni ni mepesi mno. Akachukua lile jembe begani kwa mzee, akaliweka begani kwake mwenyewe.

"Tangulia, baba," alisema. "Nakufuata."